Shajara ya Gakaara wa Wanjaũ na Suala la Maridhiano Nyeri

Mwaka 1963, mjini Nakuru, Jomo Kenyatta aliwahutubia walowezi akihimiza pande zote mbili zisameheane. Miaka 20 baadaye Gakaara wa Wanjaũ, mchapishaji wa Karatina, alitoa kwa Kikuyu shajara ya miaka yake kizuizini baada ya kukamatwa mwaka 1952. Mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma. Fani yenyewe ni hoja. Shajara huandikwa siku kwa siku pasipo kujua mwisho wa vita, hivyo haimpambi adui wa jana kwa kuwa leo ni mshirika.

Wapo watakaoiona kuwa kikwazo cha maridhiano. Hatukubaliani nao. Kupatana na Mwingereza aliye mbali si kazi kubwa: mwaka 2013 serikali yake ilieleza masikitiko na kutenga pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Kazi ni kupatana na jirani. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliunganisha vishamba vya Wakikuyu, Nyeri ikiwemo, wengi wakiwa bado kizuizini. Walionufaika zaidi ni mahomugadi na wafuasi wa serikali. Aliyerudi alikuta mpaka umehama, na mwenye hatimiliki akimwamkua kwa upole.