Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Kisiwa na Msafiri katika Filamu ya Il Postino

Methali ya "Mgeni njoo, mwenyeji apone" hufundishwa darasani kama sifa ya ukarimu. Ni mara chache tunapouliza maswali mawili yaliyomo ndani yake. Mwenyeji anaugua nini hata amsubiri mgeni ndipo apone? Na mgeni akishaondoka, nani atathibitisha kwamba mwenyeji kweli amepona? Filamu ya Il Postino ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Michael Radford, inatupa nafasi nzuri ya kuyajibu. Inasimulia habari za msafiri mashuhuri anayefika katika kisiwa kidogo cha Italia kisichojulikana, na mwenyeji mmoja anayempelekea barua zake. Hoja yangu katika tahakiki hii ni kwamba filamu inatambua kuwa uzuri wa kisiwa unapaswa kusemwa na mwenye kisiwa, na inamwandaa mwenyeji huyo vizuri mpaka anafikia kuusema. Lakini mwishoni inamnyang'anya neno na kumkabidhi mgeni.

Kwa muhtasari, msafiri huyo ni mshairi Pablo Neruda wa Chile, anayeigizwa na Philippe Noiret. Yuko uhamishoni kwa sababu za kisiasa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na serikali ya Italia inamruhusu kukaa kisiwani. Barua anazoletewa ni nyingi kiasi kwamba posta inamtafuta mtu wa kumhudumia yeye peke yake. Kazi hiyo anaipata Mario, mtoto wa mvuvi asiyependa uvuvi, anayeigizwa na Massimo Troisi. Kila siku Mario anapanda mlima kwa baiskeli na mfuko wa barua, na kidogo kidogo wawili hao wanazoeana. Mario anajifunza ushairi, anampenda msichana anayeitwa Beatrice na kumwoa, kisha anaingia katika siasa za Wakomunisti. Neruda anarudi kwao. Anapokuja tena baada ya miaka kadhaa, anamkuta mjane na mtoto. Mario aliuawa katika mkutano wa hadhara alikokuwa ameitwa kusoma shairi lake.

Hadithi hii haikuanzia Italia. Chanzo chake ni riwaya ya Antonio Skármeta, mwandishi wa Chile, iliyotoka mwaka 1985. Humo mambo yanatokea Isla Negra, mahali ambapo jina lake lina maana ya kisiwa cheusi ingawa ni ufuko tu wa bara. Neruda halisi alikuwa na nyumba huko. Kwa hiyo katika riwaya mshairi na mpeleka barua ni watu wa nchi moja. Wanashiriki bahari moja na msiba mmoja, yaani mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1973. Filamu ilipoihamishia hadithi Italia, ilikuwa na msingi wa kihistoria, kwa kuwa Neruda aliwahi kuishi katika kisiwa cha Capri mwaka 1952. Hata hivyo, uhamisho huo ulibadilisha zaidi ya mandhari. Jirani aligeuka kuwa mgeni. Uhusiano wa watu wawili wa kwao ukawa uhusiano wa msafiri na mwenyeji, na maswali ya methali yetu yakaingia mlangoni.

Tuanze na mandhari yenyewe. Kisiwa cha Mario hakitajwi jina, na hakipo kwenye ramani. Watengenezaji wa filamu walikishona kutoka visiwa viwili. Bandari ndogo ya wavuvi, yenye nyumba za rangi zilizobebana ukingoni mwa maji, ni Corricella, katika kisiwa cha Procida kilicho kwenye ghuba ya Napoli. Nyumba ya Neruda, pamoja na majabali yanayoishukia bahari kwa ghafla, iko Pollara katika kisiwa cha Salina, kaskazini mwa Sicilia. Umbali kati ya visiwa hivyo unazidi kilomita 200, lakini Mario anaumaliza kwa baiskeli kila asubuhi! Hilo si kosa la kisanaa, kwa maana filamu ina uhuru wake. Linalofaa kuhakikiwa ni kigezo kilichotumika kuunganisha vipande. Procida ni kisiwa cha kilomita za mraba nne hivi chenye wakazi wapatao elfu kumi, waliosongamana kuliko kawaida ya visiwa. Salina ni kikubwa zaidi, cha milima ya volkano, na watu wake ni wachache. Filamu imechukua rangi za huku na upweke wa kule. Imekusanya yale ambayo jicho la msafiri hutafuta.

Wakati huohuo filamu haidanganyi kuhusu maisha. Maji ya kunywa huletwa kwa meli, na yakiisha watu husubiri. Mwanasiasa anaahidi mabomba wakati wa kampeni, mafundi wanaanza kazi, kisha anashinda uchaguzi na kazi inasimama. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo hapo. Nguvu ya sehemu hizi ni kwamba zinaonyesha gharama ya uzuri unaotupendeza. Ufuko uleule mgeni anaosimama juu yake akitunga shairi, kwa Mario ni mahali ambapo baba yake anavuta nyavu na bado hawashibi.

Kiini cha filamu, na sababu ya mwanafunzi wa fasihi kuitazama, ni somo la sitiari. Neruda anasoma shairi kuhusu bahari, na Mario anajaribu kueleza alivyojisikia: alikuwa kama chombo kinachoyumbishwa na maneno yale. Neruda anamwambia kwamba hapo hapo ametunga sitiari. (Mwalimu wetu angesema ni tashibihi, kwa kuwa kiunganishi cha kulinganisha kipo, lakini tumsamehe mshairi.) Kisha Mario anauliza swali ambalo sijalikuta katika kitabu chochote cha nadharia nilichosoma: je, ulimwengu mzima, pamoja na bahari, mvua na mawingu yake, ni sitiari ya kitu kingine? Neruda anaomba muda wa kufikiri. Mwanafunzi amemzidi mwalimu. Baadaye mshairi anatafuta kivumishi cha kuzifaa nyavu za wavuvi, na Mario anamjibu bila kusita kwamba nyavu zina huzuni. Jibu hilo limetoka nyumbani kwao. Kwa matukio haya filamu inakanusha wazo kwamba mgeni alileta ushairi kisiwani. Ushairi ulikuwepo, ila haukuwa na mtu wa kuuambia kwamba jina lake ni ushairi.

Tukio linalobeba hoja yangu ni la kinasa sauti. Mapema katika filamu Neruda anamwomba Mario ataje mbele ya kinasa sauti kitu kimoja cha ajabu cha kisiwa chake, ili marafiki walio mbali wasikie. Mario anakosa la kusema, kisha anataja jina la Beatrice. Kisiwa hakioni kwa sababu hajawahi kukitazama kama kitu cha kuonyeshwa. Neruda anapoondoka, siku zinapita bila salamu. Barua inayofika hatimaye imeandikwa na katibu, na inaagiza vitu vyake vitumwe. Shangazi yake Beatrice anamfananisha na ndege aliyekwisha kula akaruka. Ndipo Mario anakichukua kinasa sauti kilichoachwa, na kwa msaada wa mkuu wake wa posta anakizungusha kisiwani. Ananasa mawimbi madogo, mawimbi makubwa, upepo wa majabalini, upepo wa vichakani, nyavu zenye huzuni za baba yake, kengele ya kanisa, mbingu yenye nyota ambayo haina sauti, na moyo wa mtoto wake ambaye bado yumo tumboni mwa mama.

Katika riwaya, Neruda ndiye anayeagiza sauti kama hizo kwa sababu anapakumbuka kwao. Katika filamu hakuna aliyeagiza. Mwenyeji ameamua mwenyewe, na badiliko hilo ndilo ubunifu mkubwa kuliko yote wa filamu hii. Mgeni angepiga picha, lakini Mario amerekodi vitu ambavyo jicho la msafiri haliwezi kuvichukua. Nani angefikiri kurekodi nyota? Hapa mwenyeji amepona, na dawa haikuwa mgeni. Alipona siku alipokoma kumsubiri.

Kwa bahati mbaya filamu haikukaa hapo. Shairi alilokwenda kulisoma Mario hatulisikii hata neno moja, na karatasi yake inapotea chini ya miguu ya umati unaokimbia polisi. Kanda inasikilizwa na Neruda wakati mwenye sauti ameshakufa. Katika riwaya mshairi anakufa na mpeleka barua anakamatwa, kwa hiyo msiba unawagusa wote wawili. Katika filamu mwenyeji anakufa na mgeni anabaki akitembea ufukweni kwa majonzi. Maandishi ya mwisho kwenye skrini ni shairi la Neruda. Beatrice naye, aliyeanza kama jibu la swali kuhusu maajabu ya kisiwa, anaendelea kupigwa picha kama sehemu ya mandhari. Yeye ndiye aliyebaki na kisiwa na mtoto, lakini hatuulizwi angerekodi sauti gani.

Wapo watakaonijibu kwamba kifo hicho kinaheshimu ukweli mwingine. Troisi alikuwa mgonjwa wa moyo, aliahirisha upasuaji ili amalize kazi, na alifariki tarehe 4 Juni 1994, saa chache baada ya upigaji picha kukamilika. Huzuni hiyo ni halali, na uigizaji wake wa sentensi zisizomalizika ni wa hali ya juu. Lakini huruma kwa mwigizaji haiwezi kujibu swali kuhusu mhusika. Filamu iliyotufundisha kumsikiliza Mario ilikuwa na deni la kutusomea shairi lake.

Matokeo yake yanaonekana Procida hadi leo. Ufuko wa Pozzo Vecchio sasa wengi wanauita ufuko wa mpeleka barua. Msafiri hufika akitafuta kisiwa ambacho hakijawahi kuwepo, na mahali halisi panajibu kwa jina la kubuni.

Kwetu sisi tunaosoma Kiswahili huku Uganda, suala hili liko karibu. Mifano mingi ya sitiari tuliyofundishwa ni ya jahazi, lulu na mawimbi, nasi tukiandika tunaziazima hata kama tumekulia kwenye migomba na ukungu wa milimani. Mario aliazima mashairi ya mgeni ili ampate Beatrice, na akayatetea kwamba ushairi ni wa anayeuhitaji. Kuazima si dhambi. Lakini fasihi ya kisiwa chake ilianza aliposhika kinasa sauti na kwenda kwenye nyavu za baba yake, na tahakiki zetu pia zinapaswa kuuliza kila maandishi ya safari yanapotujia mezani: mwenye nyavu amesema nini, na nani alipewa neno la mwisho?