Daftari la Baba na Kitabu cha Kitereza

Baba alipostaafu ualimu akiwa na miaka 60, nyumba yetu ya Sengerema iligeuka kikao cha bajeti kwa mwezi mzima. Mama alitaka fremu mbili za maduka. Kaka alitaka pikipiki ya bodaboda. Mimi, niliyekuwa nimeanza uzamili wa fasihi Dar es Salaam, nilitaka ada. Baba alimsikiliza kila mmoja, kisha akatangaza kwamba sehemu ya kiinua mgongo ataitumia kwenda Ukerewe, kuutafuta ukoo wa babu yake.

Alivuka kwa kivuko cha Kamanga hadi Mwanza, akapanda meli ya Nansio, akakaa huko wiki tatu. Fremu ikajengwa moja. Ada yangu ya muhula wa pili ikachelewa. Aliporudi hakuwa na picha hata moja. Alikuwa na kaunta buku lililojaa nusu, na mtu ambaye maisha yake yote aliandika maandalio ya somo tu, sasa alikuwa anaamka alfajiri kuandika mambo yake mwenyewe.

Nilisoma kurasa kumi. Majina ya ndizi. Namna ya kushona mtumbwi. Nani huanza kumsalimia nani. Nikamwambia, kwa ile jeuri ya mtu aliyetoka darasani juzi, "Baba, hii ni orodha. Hadithi iko wapi?" Hakunijibu. Aliomba tu nimwazime kitabu cha Kitereza nilichokuwa nacho mkobani.

Kitabu hicho nilikuwa nimekiandikia kazi ya semina yenye shutuma ileile. Ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, na historia yake inajulikana kuliko kurasa zake. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896. Riwaya yake aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupatikana mchapishaji wa kutoa kitabu kikubwa namna ile kwa lugha ya watu wachache, mswada ukalala zaidi ya miaka 20. Mzee akiwa ameshavuka miaka 70, aliketi akauandika wote tena kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki, kabla nakala hazijamfikia.

Tunapenda kuisimulia habari hiyo kwa masikitiko, kisha kitabu chenyewe tunakiacha rafuni. Sababu tunazotoa ni zile nilizoziandika mimi: ni kirefu, msimulizi anasimamisha mambo ili aeleze desturi, na mahali pengi mtu anahisi anasoma mwongozo wa ufundi. Nilihitimisha kwamba ni hazina ya utamaduni iliyovaa kanzu ya riwaya. Nilipata alama nzuri.

Nilikosea, na sehemu iliyonionyesha kosa langu ni ile ya pombe ya ndizi. Bugonoka hajapata mtoto aliyeishi, ndugu wa mume wanamsimanga, wazazi wake wanakuja kumchukua. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba arudi, na wakwe wanamtoza pombe. Hapo Kitereza anatulazimisha tuisubiri pombe hiyo: ndizi ziive, zikamuliwe, majirani waitwe, togwa ichache. Semina yangu iliita hayo "mchepuko." Lakini toba ya Myombekere inapimwa kwa siku na kwa jasho. Mwandishi mwingine angesema "alijuta sana" akaendelea na safari. Kitereza hamwamini mtu anayesema amejuta. Anataka kuona mtungi. Ukiruka kurasa hizo, mke anarudi bure, na mume hajalipa chochote.

Mimi ndiye niliyetaka mke arudi bure.

Hata hivyo sitaki kukitetea kitabu hiki kupita kiasi. Ukerewe yake ni ya kabla ya Wazungu, na ameipanga kwa utulivu ambao mara nyingine unanitia shaka. Mwaka 1945 Kitereza alikuwa mtu wa misheni, aliyesomea seminari ya Rubya, na alikuwa ameuona utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Hayo yote yako nje ya ukurasa. Kumbukumbu ya wahenga inakuja na kishawishi hicho cha kufagia uwanja kabla mgeni hajaingia. Na Bugonoka, kama msomaji mwanamke, namwona akisemewa mno: anatibiwa, anarudishwa, anasifiwa, lakini nafasi ya kukaa peke yake na hasira yake ni ndogo.

Ila kuna uchafu mmoja ambao Kitereza hakuufagia. Aliuweka mlangoni. Riwaya inaanza na aibu ya ndoa isiyo na mtoto, na mume anayekataa kumwacha mke kwa sababu hiyo. Kitereza na mkewe walizika watoto wao wakiwa wadogo, na ndoa yao ikabaki ya watu wawili. Hakuandika wasifu. Lakini jeraha hilo alilipa ukurasa wa kwanza, na miaka mingi baadaye, akiwa mzee, akalipitia tena neno kwa neno katika lugha nyingine. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwana mwingine wa Ukerewe aliyekuwa anafundisha Marekani, alikitoa kwa Kiingereza. Sidhani mtu huvuka kurasa zaidi ya 600 kwa ajili ya majina ya ndizi peke yake.

Likizo iliyopita nilirudi Sengerema nikalisoma daftari la Baba lote. Sehemu ya mtumbwi ni nzuri kweli. Nilikuwa nimeisoma vibaya. Karibu na mwisho kuna ukurasa wenye kichwa cha habari tu, kimepigiwa mstari kwa rula: "Sababu ya babu kuondoka Ukerewe." Chini yake hakuna kitu.

Nilimuuliza kama hakuambiwa. Alisema aliambiwa, na wazee wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yalilingana.

"Basi mbona hujaandika, Baba?"

Alinirudishia kitabu changu. Karatasi za alama zilikuwa zimechomoza kila upande, kama madaftari ya wanafunzi anayosahihisha.

"Mama," akaniita, kwa kuwa nina jina la mama yake, "huyu mzee aliandika mara mbili. Mimi ndiyo kwanza ya kwanza."

Kesho yake alinituma dukani, kwenye ile fremu yetu moja, nikamchukulie kaunta buku jingine. Mama aliandika deni.