Nyuzi 30 zilizoziba anga

Nianze na ile slaidi ya tisa. Mliokuwepo ukumbini siku watafiti wa kituo kile cha pwani walipowasilisha matokeo yao, mliiona: satelaiti zote zilizo chini ya nyuzi 30 juu ya upeo wa macho zimeondolewa. Mstari mmoja tu, kisha wakasonga mbele. Kazi iliharibikia hapo.

Sababu yao ilikuwa mwangwi. Kweli, mwangwi upo. Nilipanda kuiona antena yenyewe: imefungwa juu ya paa la mabati, hatua tatu kutoka kwenye tangi jeusi la maji. Jua la mchana likipiga bati lile, huwezi kulitazama, na mawimbi ya GPS nayo hurushwa vivyo hivyo. S4, kipimo cha kumetameta kwa mawimbi, ikapanda, wakaingiwa na hofu, wakakata.

Lakini mwangwi hujitaja wenyewe. Satelaiti za GPS hurudia njia zilezile kila siku, dakika 4 mapema. Mwangwi wa tangi ukitokea leo saa 2:00 usiku, kesho utatokea saa 1:56, keshokutwa saa 1:52. Viputo vya plazma walivyokuwa wakivitafuta kwenye ionosfera havifuati ratiba hiyo. Pandanisha grafu za siku tano na utaona kipi ni kipi, bila kutupa chochote.

Na walichotupa si kidogo. Kwa kimo cha kilomita 350, antena inayosikiliza hadi nyuzi 15 huifikia ionosfera ya umbali wa karibu kilomita 970 kila upande. Ukikata kwenye nyuzi 30, unabaki na kama 540. Eneo lote linalosalia halifiki theluthi moja. Viputo huzaliwa kwenye ikweta ya sumaku baada ya jua kuzama, na kwa upande wetu ikweta hiyo inapita Ethiopia. Kaskazini ndiko walikopaswa kukodoa macho.

Risiva yao ilirekodi sampuli 50 kwa sekunde, na saa yake ni imara. Hapo sina neno.

Ila habari ya mabati nimeisema miaka nenda rudi, na ya kutegemea antena moja pia: kipimo kimoja hakitoshi. Mwaka 1946 watafiti Hey, Parsons na Phillips waliona mawimbi ya redio kutoka kundinyota la Cygnus yakipanda na kushuka. Je, ni chanzo chenyewe au ni anga letu? Kufikia 1950 watu wa Cambridge na wa Jodrell Bank, waliotengana kwa zaidi ya kilomita 200, walilinganisha rekodi zao. Hazikufanana; basi ni anga letu. Wale walikuwa na kalamu zinazochora kwenye karatasi, na hawakukata kilichowasumbua. Walikipima mara mbili.

Data ghafi bado mnayo, ndugu zangu. Ichakateni upya hadi nyuzi 15, na antena ishusheni uwanjani, mbali na bati, kabla ya msimu wa viputo wa Machi na Aprili.