Istilahi za Kuweka Programu Huria katika Kompyuta: Mfano wa Tarime na Serengeti

Istilahi hupimwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza imezoeleka katika vikao vyetu: huulizwa kama neno limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha, na kama linabeba dhana iliyokusudiwa. Namna ya pili ni kuitazama istilahi inapomfikia mtu ambaye hana budi kutenda jambo kwa kuifuata. Maneno mengi yanayoshinda mtihani wa kwanza huanguka katika huu wa pili. Ndivyo ilivyo, kwa maoni yetu, kwa maneno yanayomwongoza mtumiaji pindi anapotaka kuweka programu huria katika kompyuta yake ya mezani.

Wilaya za Tarime na Serengeti zinatupa mfano ulio wazi. Tangu mwaka 2015 mradi wa Crowd2Map Tanzania umekuwa ukishughulikia kuviingiza vijiji vya nchi yetu katika OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote aweza kuitumia na kuisahihisha bila ada. Katika mkoa wa Mara kazi hiyo ina sababu yake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, likizo ya Desemba ifikapo, wako wasichana wanaolazimika kukimbia makwao. Nyumba salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014, na kule Tarime kiko kituo cha Masanga. Lakini msichana anayepiga simu usiku hutaja jina la kitongoji, na kama kitongoji hicho hakimo katika ramani, gari la kumfuata halijui lishike njia ipi. Wajitoleaji walio mbali huweza kuchora nyumba na barabara kwa kutazama picha za setilaiti, majina hawayajui. Majina hutiwa na wenyeji. Wengi wao hutumia simu, lakini aliye na kompyuta aweza kuchora vizuri zaidi kwa JOSM, na akitaka kutayarisha ramani ya kuchapwa kwenye karatasi aweza kutumia QGIS. Zote mbili ni programu huria.

Niliwahi kuiona karatasi ya maelekezo iliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na maofisa wachache waliotaka kuweka programu ya namna hiyo. Mstari wake wa kwanza ulikuwa na maneno manne: "Pakua kifurushi kisha ukisakinishe." Mwalimu mmoja, mtu makini aliyefundisha Kiswahili miaka mingi, aliusoma mara mbili, akauliza kifurushi chenyewe ni cha shilingi ngapi.

Hakuwa na kosa. Katika Tanzania ya leo kifurushi ni kile anachonunua mtu kwa kampuni ya simu ili apate muda wa maongezi au intaneti. Maana hiyo imekwisha kutawala, wala hakuna baraza litakaloiondoa. Mfasiri aliyelichagua neno hilo alitazama umbo lake (furushi dogo, vitu vilivyofungwa pamoja) na kwa umbo hakukosea. Kosa lake ni kwamba hakuuliza kama nafasi ilikuwa tupu. Katika karatasi ile hapakuwa na haja ya istilahi kabisa. "Faili la programu" lingetosha.

Neno pakua halina ubaya mkubwa. Shehena hupakiwa chomboni na kupakuliwa bandarini, na mtu hupakua chakula kutoka chunguni. Dhana ya kukitoa kitu kilipo na kukileta kwako imo. Tatizo ni kwamba kinyume chake, pakia, kimetwishwa kazi mbili: kupeleka faili kwenye mtandao, na kuifungua programu ili ianze kufanya kazi. Tena maneno haya mawili hutofautiana kwa irabu moja tu. Sikioni tofauti hiyo ni dhahiri, kwani mzungumzaji wa lugha ya Kibantu amezoea kinyume cha aina hiyo, kama funga na fungua. Kwenye kioo cha kompyuta, katika herufi ndogo, mambo ni mengine.

Hapo ndipo tunapofika kwa sakinisha, neno linalohitaji kuzungumziwa kwa haki. Mzizi wake ndio uliotupa maskani, na wazo la kuipa programu makazi ndani ya mashine ni zuri. Wako wanaopendelea simika, kwa kuwa mitambo husimikwa, na hata viongozi wa jadi husimikwa. Hoja yao ina uzito, ingawa kitu kilichosimikwa hakiondoki ila kwa kung'olewa, na sidhani kama kuna mfasiri atakayethubutu kuandika "ng'oa programu". Basi sakinisha limeenea, na kama lingekuwa peke yake tungelipokea. Lakini lilipotafutiwa kinyume, baadhi ya wafasiri walibuni sakinusha. Umbo hili halina msingi katika unyambulishaji wetu: kiambishi cha kutendesha kimebadilishwa irabu, kikatarajiwa kutendua. Wengine wakaandika sanidua, ilhali sanidi limekwisha kupewa maana ya kurekebisha mipangilio ya programu. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekaa mbele ya kitufe, kazi ikimngoja, hutenganishwa na kosa kwa herufi moja: i huweka, u huondoa.

Mafundi wa kompyuta mitaani hawana shida hii. Wao husema "kupiga windo", wakiwa na maana ya kuweka Windows upya. Hatupendekezi usemi huo uingie katika vitabu, lakini unaonyesha kwamba umma haukungoja.

Neno jingine ni hifadhi. Katika maelekezo ya Linux hutumiwa kwa mahali programu zinapotunzwa mtandaoni ili mtumiaji azichukue. Katika menyu ya programu hiyo hiyo, hifadhi ni amri ya kutunza kazi uliyoifanya. Na kwa mkazi wa Mugumu, Hifadhi ni ile yenye nyumbu, iliyo jirani. Ghala lingefaa zaidi kwa maana ya kwanza.

Ni haki kukumbuka kwamba mambo hayakuanza hivi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Waliotenda kazi ile walikusanya kwanza orodha ya istilahi, ndipo wakatafsiri. Mtu aweza kubishana na neno hili au lile, lakini aliyejifunza neno katika ukurasa mmoja alilikuta hilo hilo katika ukurasa wa pili. Tafsiri nyingi za leo zimefanywa vipande vipande na watu wasioonana, na kila kipande kina kamusi yake.

Wahandisi nao wametusaidia kuliko tulivyojisaidia. Zamani aliyetaka JOSM alipaswa kwanza kuwa na Java. Siku hizi kwa Windows hupatikana faili moja lenye vyote viwili. Hatua moja ikiondoka, istilahi moja haihitajiki tena. Lakini pale hatua inapobaki, ujumbe kama "vifurushi tegemezi havijatimizwa" haumsaidii mtu yeyote. Kompyuta ingeweza kusema: "Programu hii inahitaji Java. Java haimo katika kompyuta hii. Iwekwe sasa?" Sentensi tatu hizi hazina hata neno moja la kubuni.

Karatasi ile iliandikwa upya. Mjadala ulikuwa mrefu kuliko karatasi yenyewe, hasa juu ya weka, ambalo wengine waliliona la kawaida mno. Mwishowe mstari wa kwanza ulisomeka: "Pakua faili la programu. Lifungue, kisha bonyeza Weka." Na chini, kwa atakayetaka kuitoa: "Bonyeza Ondoa." Mwalimu aliyeuliza bei ndiye aliyekuwa wa kwanza kumaliza, akaanza kuandika majina ya vitongoji vya kwao.