Kongole, Walimu wa Thika na Ruiru

Kongole ziwafikie walimu wa Thika na Ruiru wanaolea vilabu vya amani shuleni. Madarasa yao si ya kabila moja: viwanda vya Thika, mashamba ya mananasi na nyumba za kupanga za Ruiru, mji uliohesabiwa watu zaidi ya 490,000 mwaka 2019, vimekusanya watoto kutoka pembe zote za Kenya. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008 zilipoua watu zaidi ya 1,100, lakini chuki ya kikabila ya wakati ule huwafikia kwa simu, hasa uchaguzi ukikaribia.

Mwalimu mwema hamwambii kijana anyamaze tu. Humfundisha kuhifadhi ujumbe wa matusi ya kikabila bila kuusambaza, kumwarifu mtu mzima, kuketi na aliyetukanwa. Humweleza pia kwamba Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inamwadhibu mchochezi kwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Kazi hii haina mtihani wala alama, ndiyo maana husahaulika. Wazazi, mkienda mkutano wa shule, waulizeni walimu hawa wanahitaji nini.