Okonkwo Akiwa Ujombani

Wengi wetu tuliosoma Things Fall Apart kwa Kiswahili tuliijua kwa jina la Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute iliyotolewa na East African Publishing House mwaka 1973. Tafsiri yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na jina. Chinua Achebe, mwaka 1958, alikipa kitabu chake jina linalozungumzia mambo kusambaratika: nyumba, ukoo, kijiji, imani. Kiswahili kikamchomoa mtu mmoja kutoka kwenye kifusi kile, kikamvika neno shujaa, kikamweka jaladani. Matokeo yake tumekisoma kitabu kwa macho ya Okonkwo mwenyewe, maana hivyo ndivyo alivyotaka aonekane.

Ninaandika haya nikiwa Mtwara, na nadhani sisi wa huku kusini tuna sababu ya kukisoma tofauti kidogo.

Hebu tukumbushane kwanza. Okonkwo wa Umuofia alipata jina akiwa kijana kwa kumwangusha Amalinze, bingwa wa mieleka. Baba yake, Unoka, alikuwa mpiga filimbi mpenda pombe, mwenye madeni kila kona. Okonkwo akaapa kutofanana naye hata kwa ukucha. Analima viazi vikuu kama mwendawazimu, anaoa wake watatu, anapata vyeo. Lakini kila anachofanya kinasukumwa na hofu ya kuitwa mwanamke. Kijana Ikemefuna, aliyeletwa kijijini kama fidia, anaishi nyumbani kwake miaka mitatu na kumwita baba. Kabla ya kuuawa kwake, mzee Ezeudu anamwonya Okonkwo asitie mkono wake katika jambo lile. Anautia. Anamkata mtoto aliyekuwa akimkimbilia, kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Mzungu wakati huo hajafika Umuofia.

Baadaye bunduki yake inalipuka msibani na kumuua mtoto wa marehemu. Sheria ya ardhi inamtaka ahame miaka saba, anakwenda Mbanta, kwa watu wa mama yake. Hapa ndipo msomaji wa Mtwara anatakiwa aweke kitabu chini afikiri.

Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo kwa desturi huhesabiwa kwa mama. Mjomba ana kauli kuliko baba. Mtu akiharibikiwa, ujombani ndiko kwao. Sasa mtazame Okonkwo akifika Mbanta. Mjomba wake Uchendu anampokea, anampa uwanja wa kujenga, watoto wa Uchendu wanamchangia mbegu za viazi. Okonkwo anayaona yote hayo kama adhabu. Anahesabu miaka kama mfungwa. Uchendu anamketisha mbele ya ukoo mzima na kumuuliza kwa nini watu wake humwita mtoto wa kike kwa jina lenye maana kwamba mama ni mkuu. Okonkwo hana jibu. Mzee analazimika kumfafanulia kama mtoto mdogo: mambo yakiwa matamu mtu ni wa baba, yakiwa machungu ni wa mama.

Kwa maoni yangu, huo ndio moyo wa riwaya nzima, na neno "shujaa" linatupitisha pale mbio mbio. Achebe anatuonyesha kwamba mila za Igbo zilikuwa na pande mbili, za ukali na za upole, na kwamba Okonkwo alishika upande mmoja akauita ndiyo mila yote. Anayedhaniwa kuwa mlinzi wa mila hakuzijua vizuri. Mara ngapi anazivunja yeye mwenyewe! Anampiga mkewe katika Juma la Amani. Anamuua mtoto licha ya onyo la mzee wake. Mwishoni anajinyonga, na mila zikakataza hata ndugu zake wasimguse.

Basi tukisema ukoloni ndio uliombomoa, tunasema nusu ya ukweli. Wamisionari walipofika Mbanta walipokea waliokuwa wamefungiwa mlango: mama aliyewahi kutupiwa mapacha wake porini, watu wa osu, na Nwoye, mtoto wa kwanza wa Okonkwo, aliyekuwa bado anamlilia Ikemefuna moyoni. Nwoye hakushindwa kwa hoja za dini. Alikuwa na kidonda ambacho baba yake hakutaka hata kukitazama.

Linganisha na Masasi. Misheni ya Kianglikana ilianzishwa pale mwaka 1876, na baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, alijulikana sana kwa kuiingiza jando ndani ya kanisa badala ya kuipiga marufuku. Mtu anaweza kumlaumu kwamba aliichuja mila akabakiza anachokitaka, na lawama hiyo ina uzito. Ila kijana wa Masasi angalau hakulazimika kuchagua moja kwa moja kati ya jando ya wajomba zake na ubatizo. Katika Umuofia, chini ya Mchungaji Smith, nafasi ya katikati inafungwa, na anayefurahi kuona imefungwa kwa upande wa pili ni Okonkwo. Watu wasiotaka kupindika huwa wanasaidiana bila kujua.

Kuna atakayeniambia kwamba huku ni kumdharau mtu aliyekataa kutawaliwa. La hasha. Kukataa kuna namna nyingi, na kusini tunao mfano wetu. Machemba, mtawala wa Kiyao aliyekuwa na ngome yake Luagala, juu ya uwanda wa Makonde, alitakiwa na Hermann von Wissmann ajisalimishe. Mwaka 1890 akamjibu kwa barua, kwa Kiswahili. Alisema haoni sababu ya kutii. Kama ni urafiki yuko tayari, kama ni vita yuko tayari vilevile, lakini kuwa chini ya mtu hapana, kwa kuwa wote wawili ni viumbe wa Mungu mmoja na kila mmoja ni mtawala kwake. Wajerumani walimsumbua kwa miaka hadi mwaka 1899, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Kiburi kipo pale, tena kikubwa. Tofauti ni kwamba Machemba aliacha mlango wa urafiki wazi na akaijibu dola kwa maneno, kitu ambacho Okonkwo hakukiweza. Yeye ulimi wake ni mzito. Akikasirika maneno yanamkwama, ngumi inatangulia. Mwisho anamkata kichwa tarishi wa serikali mbele ya mkutano, na katika vurugu ile anatambua kwamba Umuofia haitapigana.

Lakini tusimgeuze Machemba naye kuwa sanamu. Watawala wa Kiyao wa zama zile walipata nguvu kwa misafara ya pembe, na katika misafara hiyo walikuwamo watumwa. Naye ana akina Ikemefuna wake. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa kusini, alilielewa hilo kuhusu mashujaa: katika Kinjeketile, tamthilia ya 1969 kuhusu vita vya Majimaji, kiongozi anatiwa mashaka na neno lake mwenyewe. Mashaka hayo hayampunguzi. Yanamfanya awe mtu.

Nimefika kwenye ukurasa wa mwisho wa Achebe, unaonikera kila ninapousoma. Mkuu wa wilaya anautazama mwili wa Okonkwo ukining'inia na kuwaza kitabu anachoandika. Huyu mtu labda atafaa kwa aya moja. Wasomaji wengi huona hapo ni kejeli ya mtunzi. Sisi hilo lilitutokea kweli. Mwaka 1906, moshi wa Majimaji ukiwa bado haujatulia, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alitembea Lindi, Masasi na Newala na mashine zake za picha na sauti, akarekodi nyimbo, akaangalia unyago, na mwaka 1908 akachapisha kitabu. Kina mengi ya manufaa. Ila mwenye kalamu ni yeye, na babu zetu ni aya.

Ndiyo maana naona jina Shujaa Okonkwo ni hasara ndogo yenye matokeo makubwa. Achebe alijibu aya moja ya mkoloni kwa riwaya nzima, yenye baba katili, mtoto aliyeumia, mjomba mwenye hekima, na rafiki kama Obierika anayehoji mila bila kuzikimbia. Sisi mara nyingi tunajibu aya kwa sifa. Mimi bado naisubiri riwaya ya Machemba, na ningependa mwandishi wake aanzie kwa wajomba zake na waliofungwa minyororo katika misafara, halafu ndipo aje kwenye barua.