Bobby Kwenye Banda Umiza

The Karate Kid niliiona mara ya kwanza kwenye banda umiza, nimebanwa kwenye benchi la ubao, kiingilio nimekipata kwa kuidanganya chenji ya sukari. Ilikuwa imetafsiriwa, kwa maana ya mabanda yetu: jamaa mmoja anaongea juu ya sauti za waigizaji wote, anamwita Daniel "steringi" na Johnny "adui", na asipoelewa anatunga. Mwishoni steringi akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, akamtandika adui teke la uso, banda zima likalipuka. Tulirudi nyumbani tukirushiana mateke njia nzima.

Mwaka jana niliirudia, bila mtafsiri. Nilitaka kuandika kitu chepesi kuhusu filamu ya 1984 ambayo kila mtu anaikumbuka kwa teke moja. Badala yake nimekuwa nikimfikiria kijana ambaye mtafsiri wetu hakumpa hata jina.

Daniel anahamia Los Angeles na mama yake kutoka New Jersey, na siku za mwanzo tu anapigwa ufukweni na Johnny, mwanafunzi nyota wa chuo cha karate cha Cobra Kai. Wanamsukumia bondeni na baiskeli yake. Usiku wa Halloween analipiza kwa kumwagia Johnny maji ya mpira akiwa chooni, na genge lote linamkimbiza hadi kwenye uzio. Hapo, Daniel akiwa hoi, mmoja wao anasema basi, inatosha, huyu keshachoka. Huyo ndiye Bobby. Johnny hamsikilizi.

Kinachomwokoa Daniel usiku ule ni mzee Miyagi kuruka uzio. Na kinachomwokoa wiki zinazofuata si karate pia. Miyagi anakwenda naye hadi kwenye chuo cha kina Johnny, anasimama mbele ya mwalimu wao, Kreese, na wanakubaliana kwamba mtoto asiguswe mpaka siku ya mashindano. Kule kung'arisha magari na kupaka rangi uzio, tunakokuona ndiko kunakomjenga shujaa, kunawezekana kwa sababu mtu mzima alienda kugonga mlango wa watu. Sisi tulipiga mateke hewani. Hakuna aliyetuambia tutafute mtu wa kugonga mlango. Hapa ndipo ninapoilaumu filamu: inalijua jambo hili, kisha inalisahau, na kutupa ulingo wenye refa na kombe. Bwenini hakuna refa.

Nusu fainali, Kreese anamwita Bobby na kumwamuru amwumize Daniel goti ili asiweze kuendelea. Bobby anajitetea kwamba anaweza kumshinda kihalali. Kreese hataki ushindi. Bobby anaingia, anapiga goti la mwenzake, anaondolewa mashindanoni, na papo hapo anamwinamia Daniel akiomba radhi, uso umemsawajika. Ni sekunde chache. Kwenye banda letu mtafsiri alikuwa akipiga kelele, "Oyaa, wamemvunja steringi!" Ile radhi sikuwahi kuisikia.

Nilisimamisha picha pale.

Nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni, nilikuwa chini ya himaya ya mbabe mmoja wa kidato cha tatu. Hakunigusa, kwa sharti ambalo halikuwahi kutamkwa. Njuka mmoja aliyelala deka ya chini alikataa kumfulia nguo. Jioni, wakati wa prepo, nikatumwa. Nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba labda tumwache. Kisha nikachukua ndoo, nikalimwagia godoro lake maji, ndoo nzima, na ilikuwa msimu wa mvua.

Aliporudi akalishika godoro, akanyamaza kidogo. Halafu akasimama katikati ya bweni, amevaa fulana na kaptula, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani amelimwagia godoro langu?" Kimya. Akauliza tena, safari hii akimtazama mbabe machoni. Vijana arobaini wakatazama sakafu. Alitandika kanga ya mama yake kwenye saruji, akalala. Asubuhi akalibeba godoro lile lenye maji kichwani hadi ofisi ya mwalimu wa zamu.

Hakuna filamu itakayolipiga picha tukio hilo, maana hakuna aliyeanguka. Mbabe alichapwa, akaendelea kuwa mbabe, ila yule njuka hakufua nguo ya mtu tena. Jina langu halikutajwa.

Ndiyo maana siku hizi lile teke la korongo linanipita tu. Daniel anarudi ulingoni akichechemea, sawa, Miyagi mwenyewe anamwambia hana cha kuthibitisha, na bado anarudi. Hapo filamu inastahili heshima yake. Lakini itazame sura ya Johnny pale Kreese anapomwamuru aushambulie mguu ule ulioumia. Kwa mara ya kwanza mwonevu anaonekana mtoto, na anaogopa. Anatii. Kwenye ulingo ule wapo watoto watatu wenye hofu, na aliyeishinda ni mmoja.

Mwaka 1984 watunzi walimwacha Bobby pale pale kwenye mkeka. Mwaka 2019 alionekana kwenye msimu wa pili wa tamthilia ya Cobra Kai, mtu mzima. Wamemfanya mchungaji. Nilicheka peke yangu chumbani, kisha nikarudisha nyuma nione kama nimesikia vizuri.